Muuguzi Anapotetea Kiti: Maswali Yenu Kuhusu Mabunge ya Majimbo ya Marekani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee huko Marekani, ambao wabunge wao wa jimbo ni wauguzi au madaktari wanaotaka kurudi bungeni. Majina ya walioandika tumeyahifadhi. Kumbukeni kwamba kila jimbo lina sheria zake. Tulipotaja jimbo, jibu ni la jimbo hilo, msilibebe mpaka jimbo la jirani.

Salaam wahariri. Mbunge wa eneo letu hapa Texas ni muuguzi, na bunge likifungwa tunamwona wodini akishika zamu kama sisi. Tulikotoka mbunge hashiki zamu. Huyu halipwi? — Msaidizi wa wauguzi, Dallas

Analipwa dola 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi kabla ya kodi. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye katiba ya jimbo na hakijapanda tangu 1975. Bunge likikaa anaongezewa posho ya siku. Kikao cha kawaida kinaanza Jumanne ya pili ya Januari, mwaka wa witiri tu, na hakizidi siku 140. Gavana anaweza kuita kikao maalumu, kila kimoja kisichozidi siku 30, na mara nyingi huita. Siku zilizobaki mbunge anatakiwa kujitafutia riziki.

Texas haiko peke yake. New Hampshire, yenye wawakilishi 400, inawalipa dola 100 kwa mwaka, kiwango cha tangu 1889. Kwa upande mwingine New York inalipa dola 142,000, na huko mtu anaweza kuishi kwa ubunge.

Ndiyo maana wauguzi wanamudu ubunge wa aina hii kuliko watu wengi wa ofisini. Zamu za saa 12, tena za kuitwa panapohitajika, unaweza kuzikusanya wikiendi au kuziacha miezi mitano. Daktari mwenye kliniki yake ana kazi ngumu zaidi. Kodi ya jengo haisubiri, na bima yake ya makosa ya kitabibu, kama ni ile inayolipa madai yanayofunguliwa wakati bima ingali hai tu, inamlazimu anunue kinga ya ziada akisimamisha kazi, la sivyo mgonjwa wa mwaka juzi akishtaki hana wa kumlipia. Baadhi ya majimbo humlinda mbunge kazini. Minnesota, kwa mfano, inamtaka mwajiri amruhusu aliyechaguliwa kwenda vikaoni, ingawa halazimiki kumlipa saa hizo.

Howard Dean wa Vermont alikuwa anamhudumia mgonjwa kwenye kliniki yake Agosti 1991 alipopewa habari kwamba gavana amefariki na yeye, naibu wake, ndiye gavana sasa. Katika majimbo madogo hilo halikuwashangaza wengi.

Ndugu wahariri, dada mmoja tunayesali naye, muuguzi, aliingia Baraza la Wawakilishi la Texas bila kupingwa. Sasa anatetea kiti na ameniomba nimsaidie kuendesha kampeni. Sijawahi. Nianzie wapi? — Mhasibu, Houston

Anza na kalenda. Wanaotetea kiti mara nyingi huumizwa na tarehe kabla hawajaumizwa na mpinzani.

Tarehe ya kwanza ni ya michango. Kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida kuanza mpaka siku 20 baada ya kufungwa, mbunge haruhusiwi kupokea mchango wa kisiasa, na anayetoa naye ana kosa. Kikao cha 2025 kilianza Januari 14 na kufungwa Juni 2, kwa hiyo mlango ulifungwa Desemba 15 na kufunguliwa baada ya Juni 22. Kinachowaponza watu ni ukurasa wa kuchangia mtandaoni uliosahaulika wazi: mtu anatuma dola 25 mwezi Machi, hakuna anayeona, mpaka ripoti inapotoka na mpinzani anaisoma kabla yenu. Ufungeni ukurasa wenyewe, msitegemee kuandika tangazo.

Baada ya hapo angalia mweka hazina. Hakuna senti inayopokelewa wala kutumika kabla fomu ya kumteua haijafika Tume ya Maadili ya Texas. Dada yako bila shaka aliijaza safari ya kwanza. Hakikisha tu aliyeteuliwa bado yupo na anwani yake ni ya sasa, kwa sababu barua za onyo zinakwenda huko.

Fomu ya kugombea kupitia chama inapelekwa kwa mwenyekiti wa chama: wa kaunti, ikiwa eneo lote la uchaguzi liko ndani ya kaunti moja, au wa jimbo, ikiwa eneo linavuka kaunti. Dirisha linafungwa Jumatatu ya pili ya Desemba, saa 12 jioni. Ada ya kiti cha Baraza ni dola 750, ya Seneti 1,250. Asiyetaka kulipa anakusanya saini 500 za wapiga kura wa eneo lake. Ushauri wetu: lipeni. Saini zinaonekana rahisi mpaka zinapoanza kufutwa. Huyu anaishi mtaa wa pili ambao ni eneo la mbunge mwingine, huyu kasahau tarehe ya kuzaliwa, yule alishasaini fomu ya mpinzani. Mkiamua kukusanya saini, lengeni 750 ili mbaki na 500. Na fomu yenyewe ni ya kiapo. Isipoapwa mbele ya mthibitishaji inarudishwa, na ukiipeleka dakika ya mwisho hutapata muda wa kuirekebisha.

Mchujo, yaani uchaguzi wa chama kumpata mgombea wake, ni Jumanne ya kwanza ya Machi. Mwaka 2026 ni Machi 3. Mgombea asipovuka nusu ya kura, wawili wa juu wanarudiana Jumanne ya nne ya Mei, yaani Mei 26. Uchaguzi mkuu ni Novemba 3. Msiusubiri huo wa Novemba kana kwamba ndio vita. Maeneo mengi yamechorwa yakaelemea chama kimoja, na huko anayeshinda mchujo ameshashinda kiti. Stephanie Klick, muuguzi wa upande wa Fort Worth, alikuwa bungeni tangu 2013 na alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Umma ya Baraza. Mei 2024 aliangushwa kwenye marudio ya mchujo wa chama chake mwenyewe, na David Lowe. Wanaojitokeza kwenye marudio ni wachache sana, kwa hiyo kura mia chache za watu waliokasirika zinaweza kumwondoa mtu mwenye miaka kumi na zaidi ya kazi.

Dada yako aliyepita bila kupingwa ana tatizo lingine ambalo huenda halijui: hana orodha. Hajawahi kugonga milango, kwa hiyo hajui nani ni wake. Nunueni nakala ya daftari la wapiga kura, chujeni waliopiga kura kwenye michujo miwili au mitatu iliyopita ya chama chenu, muanze na hao. Watabaki sehemu ndogo ya watu wote wa eneo (eneo moja la Baraza la Texas lina watu wapatao 194,000), na ndio watakaoamua Machi.

Halafu ripoti za fedha. Zipo za Januari 15 na Julai 15, na mwenye mpinzani anaongeza moja siku 30 kabla ya uchaguzi na nyingine siku 8 kabla. Kuchelewa ni faini ya dola 500, na ile ya siku 8 inaongezeka dola 100 kila siku. Wewe ni mhasibu, hilo lichukue mwenyewe. Andika jina, anwani, kazi na mwajiri wa mchangiaji siku ileile hundi inapoingia, usingoje Julai.

Wahariri, nafanya kazi kliniki moja na mbunge wetu, ambaye ni muuguzi mwenye leseni ya kutibu na kuandika dawa. Anatetea kiti. Wenzetu wanasema tutumie orodha ya wagonjwa, ina namba za simu zaidi ya elfu tatu, na apige picha za kampeni wodini akiwa na sare. Mimi nina wasiwasi. — Muuguzi, Minneapolis

Wasiwasi wako ni wa haki. Orodha ya wagonjwa iacheni mahali ilipo.

Sheria ya faragha ya wagonjwa ya 1996, HIPAA, hailindi majibu ya vipimo peke yake. Hata jina na namba ya simu, vikitoka kwenye faili la kliniki, ni siri, kwa kuwa vinaonyesha kwamba mtu huyu alitibiwa hapo. Kliniki inaruhusiwa kuvitumia kwa matibabu, malipo na uendeshaji wa huduma. Kuomba kura hakumo humo, na kunahitaji idhini ya maandishi ya kila mgonjwa. Anayechukua taarifa hizo kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai: faini hadi dola 50,000 na kifungo hadi mwaka mmoja, na akifanya hivyo kwa faida yake binafsi, hadi dola 250,000 na miaka kumi. Bodi ya uuguzi nayo inaweza kuja kuuliza habari za leseni, ya mbunge na ya aliyemchapia orodha. Huyo wa pili, kwenye kliniki yenu, huenda ukawa wewe.

Njia halali ni daftari la wapiga kura. Wagonjwa wengi watakuwemo humo pia, na kuwapigia simu si kosa, mradi namba imetoka kwenye daftari na mpigaji hataji kliniki. Mafundisho ya wanaojitolea yawe na sentensi hii: ukipokelewa na mtu anayesema "ndiye aliyenitibu", shukuru, usithibitishe, endelea na sera. Mlangoni ni vilevile. Mtandaoni ndiko watu wanakoteleza. Mgonjwa akiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kampeni kwamba muuguzi huyu alimwokoa maisha, hiyo ni haki yake. Muuguzi akijibu "nakumbuka ile siku, nafurahi sukari yako imetulia", amevunja siri mbele ya watu wote, tena kwa nia njema. Jibu ni "asante kwa kuniunga mkono", basi.

Kuhusu picha, tatizo la kwanza ni mwenye jengo. Hospitali nyingi ni mashirika yasiyotengeneza faida, yenye msamaha wa kodi wa kifungu 501(c)(3), na tangu 1954 mashirika hayo yamekatazwa kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote. Picha yenye nembo ya hospitali nyuma inasomeka kama hospitali imemchagua. Tatizo la pili ni vitu vidogo vinavyoingia kwenye picha: ubao mweupe wenye namba za vyumba na herufi za majina, skrini ya kompyuta iliyobaki wazi, mkanda wa mkononi wa mtu aliyepita nyuma, kitambulisho cha kazini chenye jina la mwajiri. Kodini chumba, avae nguo za wodini zisizo na nembo, na "wagonjwa" wawe watu wa kampeni waliosaini kukubali kupigwa picha. Kusema yeye ni muuguzi hakuna ubaya hata kidogo, mradi leseni iko hai siku bango linapochapwa. Iliyokwisha muda aseme "muuguzi mstaafu".

Barua pepe ya hospitali isitumike hata kujibu swali moja la kampeni. Mashine ya kuchapia, ukumbi wa mapumziko na ubao wa matangazo, ni hivyohivyo. Kundi la WhatsApp la zamu si mali ya hospitali, lakini mbunge huyo kama ndiye anayepanga ratiba, asiombe michango humo: mtu ataona akikataa atapangiwa usiku. Na mgonjwa asiombwe kura akiwa kitandani. Kanuni za maadili za chama cha madaktari cha Marekani, AMA, zinamtaka daktari asizungumze siasa na mgonjwa au familia iliyo kwenye wakati mgumu wa ugonjwa. Muuguzi naye afuate hivyo.

Jambo moja hamkuliuliza lakini linawahusu wauguzi wengi. Aliyeajiriwa na hospitali ya maveterani ni mtumishi wa serikali kuu, na Sheria ya Hatch ya 1939 inamkataza kugombea kwenye uchaguzi wa vyama. Kuchukua likizo bila malipo hakumsaidii. Lazima aache kazi kabla ya kuanza kugombea. Texas inakwenda mbali zaidi: katiba yake inamkataza mbunge kushika kazi nyingine ya malipo chini ya jimbo au serikali kuu, kwa hiyo muuguzi wa hospitali ya chuo kikuu cha jimbo naye achague moja. Eddie Bernice Johnson alikuwa muuguzi mkuu wa magonjwa ya akili kwenye hospitali ya maveterani Dallas. Alichaguliwa Baraza la Texas mwaka 1972, na mwaka 1992 akawa muuguzi wa kwanza mwenye leseni kuchaguliwa Kongresi.

Mbunge wetu daktari alipiga kura ya ndiyo kwenye muswada wa kuongeza malipo ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kwa madaktari. Si alijipigia mwenyewe? — Msomaji, Columbus

Kwa kanuni za mabunge mengi, hapana. Kipimo kinachotumika ni hiki: je, muswada unamnufaisha yeye kwa namna ya pekee, au kama daktari mwingine yeyote? Ikiwa faida inawafikia madaktari wote sawa, haihesabiwi kuwa mgongano wa maslahi. Bila kanuni hiyo mkulima asingepiga kura kuhusu mbolea wala mwalimu kuhusu shule, na bunge la watu wenye kazi nyingine lisingefanya kazi.

Hali inabadilika muswada ukigusa kliniki anayomiliki, mkataba wa kampuni yake na jimbo, au kesi iliyoko mbele ya bodi inayosimamia leseni yake. Hapo baadhi ya mabunge yanamtaka asipige kura, mengine yanamtaka atangaze kisha aendelee. Sisi tungemshauri atangaze hata asipolazimika, kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Tangazo la nusu dakika linamwondolea mpinzani tangazo zima la televisheni.

Unataka kuchunguza mwenyewe? Tafuta tamko lake la mali na mapato. Texas inaitwa taarifa ya fedha binafsi, inawasilishwa Tume ya Maadili kabla ya Aprili 30 kwa kawaida. California inaitwa Fomu 700. Soma sehemu ya vyanzo vya mapato na umiliki wa biashara. Ada za ushauri kutoka kampuni za dawa zikiwepo, linganisha na kamati anazokaa. Kosa tuliloona kwenye kesi za namna hii si kura. Ni barua: mbunge anaiandikia bodi ya leseni kwa karatasi yenye nembo ya bunge akimtetea mwenzake aliyeshtakiwa.

Kila mgombea hapa anasema "nimewapigania wauguzi". Nitajuaje nani kasema kweli? — Muuguzi wa dharura, Portland

Mwombe namba ya muswada. Anayekupa hotuba badala ya namba umeshampata.

Ukiwa na namba, nenda tovuti ya bunge la jimbo uangalie mambo matatu: nani mwandishi mkuu na nani aliongezwa jina tu, muswada ulisikilizwa lini na kamati gani, na kura ya mwisho ya kamati ilikuwaje kwa majina. Kura ya ukumbini ni ya mapambo mara nyingi, kwa kuwa muswada usio na kura za kutosha haufikishwi huko. Kuwasilisha miswada mingi pia si hoja. Texas mwaka 2023 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, iliyopita haikufika 1,300. Mingi hufia kwenye Kamati ya Kalenda, inayoamua kipi kifike ukumbini, na haihitaji mtu kupiga kura ya hapana hadharani.

Jimboni kwako kuna kipimo kizuri. Mwaka 2023 Oregon ilipitisha muswada namba 2697 wa Baraza, unaoweka idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi hospitalini. California ilitangulia: sheria ilisainiwa 1999, ikaanza kutumika Januari 2004, na huko muuguzi wa wodi ya kawaida hapewi zaidi ya wagonjwa watano, wa chumba cha mahututi wawili, wa dharura wanne. Massachusetts walipelekewa jambo hilohilo kwenye kura ya maoni mwaka 2018 na wakalikataa kwa wingi, baada ya hospitali kutumia fedha nyingi kulipinga. Kwa hiyo muulize mgombea wako alipigaje kura kuhusu 2697, na pia kuhusu marekebisho yaliyoletwa kabla ya hapo. Marekebisho ndiyo yanayokula nyama ya muswada na kuacha mfupa.

Msifikiri mwenye leseni ya afya ni lazima awe upande wenu. John Kitzhaber, daktari wa dharura na rais wa Seneti ya Oregon kuanzia 1985, alisimamia mpango wa afya uliopitishwa 1989, wa kupanga huduma kwa orodha ya umuhimu na kukata mstari pale fedha zinapoishia. Wapo waliomsifu kwa ujasiri na wapo waliomlaani, wote wakiwa wahudumu wa afya. Richard Pan, daktari wa watoto wa Sacramento, aliandika sheria ya California ya 2015, SB 277, iliyoondoa ruhusa ya wazazi kukataa chanjo za shule kwa imani binafsi. Wapinzani wake walijaribu kumwondoa kabla ya muda, wakashindwa, akachaguliwa tena 2018. Mwaka 2019 alisukumwa barabarani karibu na jengo la bunge na mtu aliyekuwa akimrekodi.

Na asiye wa fani naye anaweza kujiangusha kwa neno moja. Aprili 2019 Maureen Walsh, seneta katika bunge la jimbo la Washington, akijadili muswada wa mapumziko ya wauguzi, alisema wa hospitali ndogo huenda wanacheza karata sehemu kubwa ya siku. Pakiti za karata zikaanza kumiminika ofisini kwake kwa posta kutoka nchi nzima. Muswada ulipita, na yeye 2020 hakutetea kiti.

Mimi nipo kwa viza ya kazi ya H-1B, mume wangu ana grini kadi. Mgombea ni nesi mwenzetu na tunampenda. Tunaruhusiwa kufanya nini? — Cincinnati

Dada, hapa soma polepole, maana kosa la dakika moja linaweza kuwagharimu makazi.

Kupiga kura: hakuna kati yenu anayeruhusiwa kwenye uchaguzi wa jimbo. Hatari haiko kituoni, iko kwenye ofisi ya leseni za udereva. Karani anauliza haraka kama unataka kujiandikisha kupiga kura, au skrini inakuletea kisanduku, unabonyeza ndiyo kwa kutaka kumaliza. Kusaini kwamba wewe ni raia wakati si raia ni sababu ya kufukuzwa nchini, na kwa watu wengi hakuna msamaha wake. Sema hapana, soma kabla ya kusaini, na kadi ya mpiga kura ikija kwa posta kimakosa, msiitumie. Andikeni barua ya kujiondoa, mhifadhi nakala, na mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba uraia.

Kuchangia fedha: sheria ya nchi nzima inakataza wageni kuchangia uchaguzi wowote, wa jimbo ukiwemo, lakini mwenye grini kadi hahesabiwi mgeni kwa sheria hiyo. Ohio lakini ina sheria yake ya 2024 inayomhesabu mgeni hata mwenye grini kadi, kwa hiyo mume wako asitoe kabla hajamuuliza mwanasheria. Wewe usitoe kabisa, wala usimpe mtu fedha akutolee. Kununua chakula cha mkutano wa kampeni kwa kadi yako ya benki nako ni mchango.

Kujitolea: mnaruhusiwa wote wawili. Gongeni milango, pigeni simu, tafsirini vipeperushi, mradi wewe hulipwi na hukai kwenye vikao vya kuamua fedha zitumike vipi. Na mlango mmoja watu wengi hawaujui: kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge hakuhitaji uraia. Unajiandikisha siku ya kusikilizwa, unapewa kwa kawaida dakika mbili au tatu. Taja namba ya muswada, taja kazi yako, toa mfano mmoja usiomtambulisha mgonjwa, sema unataka nini. Usiseme unawakilisha hospitali kama haijakutuma.

Karatasi ya kura California itaandika kwamba yeye ni muuguzi? — San Diego

Akiomba, ndiyo. California inamruhusu mgombea kuweka chini ya jina lake maneno yasiyozidi matatu yanayoeleza kazi yake kuu ya sasa au ya mwaka uliotangulia. Mbunge anayefanya zamu kweli anaweza kuunganisha ubunge na uuguzi. Maneno ya kujisifu, kama bingwa au mahiri, hayakubaliwi. Lazima ajaze fomu ya maelezo ya kuthibitisha kazi hiyo. Asipoijaza, nafasi inabaki tupu. Mpinzani anaweza kwenda mahakamani kuipinga, kwa hiyo hati za mshahara za karibuni ziwe tayari. Ada ya kugombea ni asilimia 1 ya mshahara wa mwaka wa kiti. Na mwenye kiti asiporudisha fomu kwa wakati, dirisha linaongezwa siku tano kwa wengine wote isipokuwa yeye.

Akishindwa, fedha za kampeni zilizobaki ni zake? — Yule yule mhasibu, Houston

Si zake. Texas inamkataza kuzigeuza za matumizi binafsi, hata kama ni kulipia kozi ya kurudi kazini. Ana miaka sita ya kuzimaliza: kuwarudishia wachangiaji, kukipa chama, kuchangia mashirika ya hisani yenye msamaha wa kodi, au njia nyingine chache zilizoorodheshwa. Wakati zikiwepo, ripoti ya mwaka inaendelea kudaiwa, na faini ya kuchelewa ni ileile.

Mkumbushe na leseni. Texas inataka saa 20 za mafunzo kila miaka miwili ili kuihuisha, na ubunge hauzihesabu. Wengi huziacha mpaka kampeni iishe, halafu Desemba hawawezi kupangiwa zamu hata moja.